Mvua Kubwa Pwani: Utabiri Upo, Saa Chache za Mwisho Hazina Mwenyewe

Kila masika ukanda wa pwani hupokea taarifa za namna ileile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa angalizo la mvua kubwa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Chini yake huandikwa uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Kisha hufuata maneno machache kuhusu makazi kuzungukwa na maji na usafiri kuchelewa. Taarifa husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, redio huisoma, watu hulala. Kukikucha jijini Dar es Salaam, Tegeta haikupata hata tone, na Kigogo watu wanapandisha magodoro juu ya makabati.

Mjadala unaofuata huwa mmoja tu: wametabiri au hawakutabiri? Wa Tegeta wanasema TMA wamekosea tena. Wa Kigogo wanasema hawakuambiwa. Naona pande zote mbili zinauliza swali lisilo lenyewe. Utabiri wa pwani yetu leo ni mzuri kuliko wengi tunavyoamini, na taarifa ile ya jana yake ilikuwa sahihi kwa kadiri taarifa ya siku moja kabla inavyoweza kuwa sahihi. Pengo liko baada yake. Kati ya angalizo la mkoa mzima na maji yanayoingia mlangoni kuna saa chache ambazo mvua tayari inaonekana, inaweza kufuatwa, na mtu anaweza kuambiwa jambo la kumsaidia. Saa hizo ndizo zinazookoa mtoto, mashine ya cherehani na gunia la mchele. Mpaka sasa hazina mwenyewe.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana tusipouelewa tutawadai watabiri wasichokiweza na kuwasamehe wanachokiweza.

Mvua ya radi huzaliwa na wingu linalopanda kwa kasi. Wingu moja la aina hiyo lina upana wa kilomita 5 hadi 10, na likiwa peke yake halidumu zaidi ya saa moja hivi. Kompyuta za utabiri, kwa upande wake, huigawa dunia katika miraba. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, ambacho watabiri wengi duniani huanza nacho, kinatumia miraba ya takriban kilomita 9 kila upande. Kutoka Kariakoo hadi Tegeta ni miraba miwili au mitatu tu. Wingu zima linaweza kuzaliwa, kumwaga na kufa ndani ya mraba mmoja, na kompyuta ikaliona kwa wastani wake tu. Ni kama sufuria ya uji jikoni: mpishi anajua utachemka na anakaribia kujua lini, lakini hakuna awezaye kuonyesha kwa kidole povu la kwanza litapasukia wapi.

Mwaka 1963 Mmarekani Edward Lorenz alionyesha kwa hesabu kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni huzaa hali tofauti kabisa mbele ya safari. Kwa mifumo mikubwa ya hewa, mbele huko ni siku nyingi. Kwa wingu la radi ni saa chache. Ndiyo sababu vituo vikubwa havifanyi tena hesabu moja. ECMWF huirudia mara 51, kila mara kwa kuanzia na tofauti ndogo. Hesabu 30 kati ya 51 zikileta mvua kubwa juu ya Dar es Salaam, mtabiri anaona uwezekano wa karibu 6 kati ya 10. Namba ipo mezani kwake. Tutarudi kwenye namba hiyo.

Akili unde nayo imeingia kwa kishindo. Mfumo wa GraphCast wa Google DeepMind ulichapishwa rasmi mwaka 2023, na ECMWF ilianza kutumia rasmi mfumo wake wa aina hiyo Februari 2025. Mifumo hii ya kompyuta inafuata vizuri sana hali kubwa za hewa na njia za vimbunga. Lakini imefundwa kwa kumbukumbu za miraba mikubwa zaidi, ya kilomita 25 na kuendelea, kwa hiyo kwa mvua ya mtaa mmoja haijatufikisha mbali.

Juu ya hayo, pwani ina tabia zake. Mchana jua hupasha nchi kavu, upepo wa bahari unaingia, na mawingu ya radi hupandia bara kidogo: vilima vya Pugu na Kisarawe, Usambara, Uluguru. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, umande, yaani upepo wa nchi kavu, unatoka bara kuelekea baharini, unakutana na upepo wenye unyevu unaotoka mashariki, na mawingu yanajijenga juu ya maji karibu na ufuko. Hapo ndipo mvua ya pwani inaposhuka usiku wa manane, alfajiri, na asubuhi watoto wakiwa njiani kwenda shule. Wakati mtabiri wa Dodoma au Tabora anasubiri radi za jioni, wa pwani anakesha.

Na anakesha akitazama gizani. Mvua ile inajijenga baharini, ambako hakuna kipima mvua hata kimoja. Setilaiti inaona, lakini nyingi ya hesabu zake za mvua hutegemea ubaridi wa kilele cha wingu: wingu refu lina kilele baridi, kwa hiyo mvua nyingi. Pwani yetu ina mvua nyingi itokayo kwenye mawingu yasiyo marefu sana, yaliyoshiba unyevu wa bahari yenye joto. Setilaiti huyaona ya kawaida huku chini yake mtaa unazama. Rada ingeona vizuri zaidi, maana inapima matone yenyewe. Ila nayo ina mipaka: dunia imepinda, na mwale wa rada ukifika kilomita 200 kutoka kwenye mnara unakuwa umepaa kama kilomita 4 juu ya ardhi. Wingu fupi linapita chini yake bila kuguswa. Kwa hiyo rada ya Dar es Salaam haiwezi kuifanyia Kilwa kazi, na kujengwa kwa rada ya Mtwara lilikuwa jambo la lazima.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara huwa hawalifikirii. Lipo wimbi kubwa la mawingu na upepo, liitwalo Madden-Julian, linaloizunguka dunia upande wa tropiki kwa siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania hupata mvua. Siku za mvua nyingi za pwani mara nyingi huangukia awamu nyingine, pale upepo wa mashariki unaoingia nchi kavu unapopata nguvu. Yaani Nairobi ikinyeshewa wiki hii, isiwe hoja ya kuwatisha wa Mombasa, na Mombasa ikizama isiwe lazima Nairobi ifuate.

Wazee wa pwani walilijua hili la kutenganisha msimu na saa. Walisema juu ya kundi la nyota la kilimia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ulikuwa utabiri wa msimu, wa mkulima anayesubiri kupanda. Nahodha aliyetaka kujua kama avuke leo hakuuliza nyota. Alitazama upeo wa mashariki kabla ya kupambazuka, akapima upepo shavuni, akaamua. Sisi tumepata vyombo bora mara elfu kwa kazi zote mbili, ila ya pili tumeiacha ikae kama ya kwanza, taarifa ya jumla kwa watu wote.

Katika la msimu, sifa wanastahili. Vuli ya mwaka 2019 magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, bahari ilipata joto kupita upande wa Indonesia kwa kiwango ambacho hakijaonekana mara nyingi, na Oktoba yake Tanga ikafurika, Korogwe na Handeni barabara zikakatika. Mwaka 2023 dalili za namna hiyo zilikuja pamoja na El Niño, joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, na tangu Agosti TMA ilisema vuli ingekuwa ya juu ya wastani. Ikawa. Masika ya 2024 yakaendeleza palepale, Rufiji ikajaa, na tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kwa mvua zile. Hakuna anayeweza kusema hatukuambiwa kwamba mwaka ule ni wa maji.

Wakenya walipitia jaribu jingine. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imetabiri mvua za juu ya kawaida kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba 2023. Mapema Oktoba, Rais William Ruto akatangaza kwamba El Niño iliyotarajiwa haitakuwapo, ila mvua nyingi tu. Mwananchi wa kawaida alisikia neno moja: haitakuwapo. Novemba mafuriko yalipiga Mombasa, Kilifi, Tana River, Garissa na Mandera. Kisayansi kauli ile ingeweza kutetewa, kwa sababu El Niño ni hali ya Bahari ya Pasifiki na mvua ya Kwale inaamuliwa na mambo mengi. Kwa mtu anayepanga kama atahamisha mifugo kutoka ukingoni mwa Mto Tana, ilimwondolea sababu ya kujiandaa. Kiongozi mkuu akitafsiri utabiri kwa kuupunguza makali, kazi ya miezi ya watabiri inafutika kwa sentensi moja. Haipaswi kutokea tena, Nairobi wala Dodoma.

Sasa tuje kwenye imani, kwa sababu wengi wameshaacha kuamini, na sababu zao si za kipuuzi.

Pwani yetu haina mazoea ya vimbunga. Tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kulikunja upepo kuwa kimbunga, na Madagascar imekaa mbele kama kinga. Lakini kumbukumbu zipo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini enzi za Sultani Barghash. Pemba ikasalimika, na karafuu ikahamia huko. Aprili 1952 kingine kikaingia Lindi na kuua watu. Kisha miaka mingi ya kimya, na kizazi kilichoona kikaondoka.

Aprili 2019 Kenneth kikaja. TMA ikatoa tahadhari kwa Mtwara, Lindi na Ruvuma, shule zikafungwa, watu wakaambiwa watafute sehemu salama. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini mwa Mto Ruvuma, na kule kikafanya maangamizi. Mtwara watu walirudi majumbani wakicheka. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, Jobo kikaelekea Dar es Salaam. Nchi ikashika roho. Kikadhoofika kabla ya kufika. Mitandaoni utani haukuwa na mwisho.

Mei 2024 kikaja Hidaya. Safari hii tahadhari ilitoka siku kadhaa kabla, wavuvi wakazuiwa, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama, na tarehe 4 Mei mabaki yake yenye nguvu yakaingia kupitia Mafia. Mvua ikaifumua barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga na kwingine wilayani Kilwa, Lindi na Mtwara zikabaki zimekatwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kabla ya mwezi huohuo kwisha kingine, Ialy, kikaisogelea ikweta hadi upepo wake ukasikika pwani ya Kenya.

Je, tahadhari ya Kenneth ilikuwa kosa? Hapana. Kwa kimbunga kile, kuhama kidogo tu kwa njia yake kungekipeleka Mtwara mjini. Kosa lilikuwa kuisema tahadhari kama ahadi. Mtu akiambiwa kimbunga kinakuja, kisipokuja ameongopewa. Akiambiwa uwezekano ni 3 kati ya 10, atajua kwamba katika tahadhari 10 za namna hiyo, 7 zitapita salama, na kupita kwake salama hakumfanyi mtabiri kuwa mwongo. Zaidi ya hapo, anaweza kumpima. Taasisi ya hali ya hewa ikitoa uwezekano kwa namba, kila mwisho wa msimu inaweza kuweka hadharani hesabu yake: tuliposema 3 kati ya 10 ilitokea mara ngapi, tuliposema 7 kati ya 10 ilitokea mara ngapi, na wapi mvua ilikuja bila sisi kusema. Ningependa kuona jedwali hilo likichapwa baada ya kila masika na kila vuli, limebandikwa ofisi za kata. Imani hairudi kwa kuomba watu waamini. Inarudi mtu akiona hesabu yako na makosa yako yamo.

Najua hoja ya upande wa pili: wananchi hawaelewi asilimia. Siikubali hata kidogo. Mvuvi wa Bagamoyo anaishi kwa kupima uwezekano tangu utotoni. Mfanyabiashara wa nyanya Ilala anapima kila alfajiri. Wanachokosa ni namba ya kuingiza kwenye hesabu zao, na hesabu zao hazifanani.

Tuseme mvuvi akibaki nchi kavu siku moja anapoteza shilingi 30,000, na chombo chake pamoja na mashine ni shilingi milioni 3. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 1 kwa 100. Uwezekano wa dhoruba ukizidi asilimia 1, mali yake peke yake inamshauri abaki, tusizungumzie roho yake. Sasa tumchukue mama lishe mwenye banda bondeni. Kufunga na kukodi mkokoteni wa kuhamisha vitu kunamgharimu shilingi 40,000, na vitu vyenyewe vina thamani ya 80,000. Kwake kuhama kuna maana pale tu uwezekano unapozidi nusu. Kwa uwezekano wa asilimia 30, mvuvi anapaswa kubaki na mama lishe anapaswa kufungua, na wote wawili wamefanya akili. Taarifa inayowaambia wote "wastani" haijamsaidia hata mmoja. Namba ambayo mtabiri anayo mezani imefichwa kwa nia njema, na wenye kuilipia ni watu wale wale tuliotaka kuwarahisishia.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mvua ya kesho. Kwa mvua ya saa hii, tatizo ni zito zaidi.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kushuka kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini penye daraja la Selander. Mvua ikimwagika Pugu na Kisarawe, jua linaweza kuwa linawaka Kariakoo wakati maji yameshaanza safari. Kwa TMA, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, tangi zima la kuhifadhia maji. Sasa fikiria mapaa ya jiji lenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, viwanja vilivyosakafiwa, mifereji iliyojaa chupa za plastiki, na yote yakielekea bonde moja. Desemba 2011, mvua ambayo haikuwa imeonekana Dar es Salaam tangu 1954, iliua watu wapatao 40 na serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande. Aprili 2018 karakana ya mwendokasi pale Jangwani ikageuka ziwa na mabasi ndani yake.

Safari ya maji kutoka vilimani hadi Jangwani inachukua saa. Rada inayaona mawingu yakiwa bado yanamwaga. Mvua inayotoka baharini nayo, ikiwa umbali wa kilomita 60 na ikienda kilomita 30 kwa saa, inatupa saa mbili. Kwa mambo ya hali ya hewa, saa mbili za uhakika ni mali adimu. Siku tano kabla, mtabiri anasema mkoa. Saa mbili kabla, anaweza kusema kata.

Lakini nani anamwambia nani? Mvua ni ya TMA. Mto ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mifereji ni ya halmashauri, na Msimbazi unapita zaidi ya moja. Barabara moja ni ya TANROADS, inayofuata ni ya TARURA. Maafa ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi mtaa. Ratiba ya kujaa na kupwa kwa bahari iko bandarini. Kila mmoja ana kipande na anakitunza vizuri. Saa 9 usiku, mawingu yakiwa juu ya mkondo wa Unguja yanakuja, hakuna meza moja ambayo vipande hivyo vyote viko juu yake, na mbele yake mtu wa zamu mwenye ruhusa ya kutuma ujumbe bila kusubiri saini ya mkubwa wake aliyelala.

Ninachokidai ni meza hiyo. Dawati la zamu ya usiku kwa miezi ya masika na vuli, moja Dar es Salaam, moja Unguja kwa ushirikiano na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar, na Wakenya wawe na lao Mombasa. Liwe na rada, picha za setilaiti, vipima mvua vinavyotuma taarifa vyenyewe na vipima kina vya mto kuanzia Pugu. Setilaiti mpya za Meteosat, za kizazi kilichoanza kurushwa Desemba 2022, zinatuma picha kila dakika 10 na zina jicho la kuhesabu radi. Radi zikianza kuongezeka ghafla ndani ya wingu, wingu hilo linapata nguvu, na anayeziona ana dakika kadhaa za kusema kabla ya upepo na mvua kufika. Kwa mvuvi aliye kwenye ngalawa, dakika hizo ni tofauti ya kurudi na kutorudi.

Ujumbe wenyewe uwe wa mtaa na wa saa: mvua kubwa inatarajiwa kufika Upanga, Kariakoo na Kigogo kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri, uwezekano 6 kati ya 10, mto unapanda Vingunguti, walio chini ya daraja wahame sasa. Uende kwa simu kupitia minara ya maeneo hayo tu, ili wa Tegeta asiamshwe bure mara tatu kwa wiki na kuzima arifa. Uende kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi, kwa misikiti yenye vipaza sauti na walinzi wa usiku, maana alfajiri wengi hawashiki simu. Kwa wavuvi, uende kwa viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, na wakuu wa madago, yaani kambi za uvuvi.

Gharama si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Rada zimeshanunuliwa, na hizo ndizo ghali. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, kwa madaraja, kuhamisha watu na kurekebisha mto. Ninaunga mkono kazi hiyo. Ila zege huchukua miaka, na masika hayasubiri mkandarasi. Mshahara wa watu wachache wa zamu ya usiku, mafunzo yao na vipima kina vya mto havifiki hata sehemu ndogo ya fedha hizo, na vinaweza kuanza kufanya kazi msimu mmoja.

Wapo watakaosema watu wa mabondeni huambiwa wahame na hukataa, kwa hiyo kuwaambia mapema hakusaidii. Hapa tunachanganya mambo mawili. Kuhama moja kwa moja, kuacha jirani, soko na kibarua na kwenda kuanza upya mbali na mji, ni uamuzi mzito, na waliorudi kutoka Mabwepande walikuwa na sababu zao. Kuhama kwa usiku mmoja, kupanda na watoto hadi shule iliyo juu na kurudi kesho, ni jambo jingine kabisa. Watu wengi watalifanya, mradi anayewaambia awe amesema kweli mara za kutosha na shule iwe imefunguliwa wanapofika.

Kuna kipande kimoja cha hesabu hii ambacho hakihitaji rada wala mkopo, na ndicho kinachonisikitisha zaidi kwamba hatukitumii. Ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Maji yakijaa, mdomo wa Msimbazi na mifereji mingi ya Dar es Salaam, ya Mji Mkongwe na ya kisiwa cha Mombasa haina pa kumwaga, na mvua ambayo wakati wa maji mafu, siku bahari inapopanda kidogo tu, ingepita inabaki mitaani. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Aprili, masika yakianza, na tena Septemba na Oktoba, vuli ikikaribia. Na kwa namna pwani hii ilivyo, siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 9 na saa 11, jioni na alfajiri. Alfajiri ndiyo ile ile ambayo mvua ya pwani hupenda kushuka.

Mvua ya tarehe fulani ya Aprili hakuna anayeweza kuisema leo. Kujaa kwa bahari tarehe hiyo kumeshahesabiwa, kwa dakika na kwa sentimita, na kumechapwa kwenye vitabu vya bandari. TMA, mamlaka za bandari na halmashauri za pwani zikae pamoja kabla ya Februari kwisha, zichague tarehe hizo za hatari, alfajiri nne au tano kwa kila mwezi wa masika, zizitangaze kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, na usiku wa tarehe hizo angalau mtu mmoja awe macho mbele ya rada, na namba za simu za wenyeviti wa mitaa ya bondeni ziwe mezani kwake.